Korongo wa Ng'ambo ya Ziwa

Korongo wa asubuhi ile aliitika kabla hajaitwa. Sargilana alikuwa bado anahangaika na spika, kidole hakijagusa kitufe, ng'ambo ya ziwa ukalia mlio ule ule aliourekodi mwaka jana, pamoja na kikohozi chake mwenyewe kilichonaswa katikati.

Kazi yake ilikuwa kuwaita kwa spika na kuwahesabu korongo weupe wanaotaga katika nyika ya kaskazini ya Yakutia, ambako kiangazi jua halitui. Kambini walikuwa wawili tu, yeye na Prokopi, kaka wa mama yake, aliyeendesha boti. Alipomsimulia, mjomba aliacha kupara samaki. Akamuuliza amewaita ndege kwa spika siku ngapi. Siku tatu, akajibiwa. Prokopi akatupa donge la siagi motoni kama sadaka, akaunong'onezea moto kama walivyofanya wazazi wake.

"Kizime hicho chombo," alisema kwa sauti ya chini. "Umemwita abaasi, mwanangu. Pepo yule hana sauti yake. Anaazima za wengine."

"Basi tuondoke leo."

"Kwa upepo huu? Tutazama. Ukitulia tu, twende."

Upepo haukutulia siku mbili. Sargilana hakupata usingizi. Mwanga ulipenya turubai la hema usiku kucha, na pamoja nao harufu ya nywele zinazoungua, isiyotoka kwenye moto wao. Alikwenda kwenye vituo vyake vya kuhesabia ndege, akarudi, akaenda tena, kila hatua kumi anageuka nyuma. Ndege walikuwa wamenyamaza. Fomu zake zikajaa sifuri.

Siku ya tatu upepo ulipungua, Prokopi akaenda na boti kutoa nyavu ziwani kabla ya safari. Sargilana alikuwa anakunja blanketi aliposikia, kutoka kwenye majani marefu ya ng'ambo, sauti yake mwenyewe ikilia kwamba amezama kwenye tope, mjomba njoo, mjomba naishiwa nguvu, na akaiona boti ikigeuka, na mzee wa watu akipiga kasia kwa pupa kuelekea kule ambako majani yalikuwa yanatikisika bila upepo, yanafunguka taratibu kama mlango.

Akafumbua mdomo kupiga kelele, akaufumba. Mjomba angesikia Sargilana wawili, na angemfuata yule anayekufa. Alikimbilia motoni, akamwaga kopo zima la siagi na fungu la singa za farasi ambazo mjomba alishonea nyavu. Moshi mweusi ukapanda. Akasimama kando yake akipunga koti, machozi yanamtoka, hasemi neno.

Kasia likasimama hewani. Prokopi akamtazama yeye, akayatazama majani, akageuza boti.

Hema waliliacha limesimama. Walishuka mto unaotoka ziwani kutwa nzima, mjomba kwenye injini nyuma, Sargilana katikati. Hakuna aliyethubutu kutaja kwamba omo, ncha ya mbele ya boti, ilikuwa imezama karibu maji yaingie, na pale hapakuwa na mtu wala mzigo.

Walipogusa ufuko wa kijiji, omo iliinuka ghafla, nyepesi. Mbwa waliokuwa wakibweka wakanyamaza. Wakageuza vichwa wote pamoja, polepole, kama wanaomsindikiza mtu kwa macho kwenye njia inayopanda hadi kwa mama yake Sargilana, aliyekuwa nyumbani peke yake.

Boti haijafungwa, Sargilana alikwisha kuruka majini, anakimbia kuipanda njia ile.