Tawi la Rehani ya Zambarau

Rehani ililala kijani, ikaamka nyeusi.

Mpishi alisimama mbele ya dirisha la jiko la mkahawa, mikono kiunoni. Jana alivikata vikonyo kwa mshazari, akavitia kwenye glasi ya maji kama maua, akavifunika kwa mfuko uliolegea ili majani yapumue. Ikitunzwa hivyo, rehani hukaa siku nyingi. Hii ilikuwa kama imepitishwa motoni, na jiko zima lilinuka udi na nywele zilizoungua.

"Wewe!" alimfokea wifi yake. "Umeitia tena kwenye friji! Mara ngapi nikwambie baridi inaiua?"

"Wifi, haki ya Mungu sijaigusa."

"Nani sasa, panya?"

Hakuamini, wala hakutaka kuamini. Wifi mtu huyu, dada wa mumewe, kazi yake ilikuwa kuhudumia meza, lakini kila mteja aliyeusifu mchuzi wa nyanya na rehani alimjibu kwa tabasamu, "Asante, mkono wangu huo." Mkono wake! Mwanamke asiyeweza kutofautisha rehani tamu ya majani mapana na ile ndogo yenye harufu ya limau, ya kupikia samaki! Mpishi alikuwa ameimeza hasira hiyo mwaka mzima.

Alikwenda sokoni mwenyewe. Alinusa fungu moja moja, akayakataa yaliyokwisha kutoa maua kwa kuwa huwa machungu. Mafungu aliyoyanunua nayo yakasawijika. Lililobaki bichi ni tawi moja la rehani ya zambarau, alilolivunja juzi njiani, kando ya kisima cha nyumba iliyohamwa. Hilo lilikuwa linanawiri katika glasi yake.

Mchana, alipokuwa amezima moto ili atie majani ya tawi hilo mwishoni, alisikia mtu akinywa. Gu, gu, gu. Aligeuka na hakuona mtu, ila glasi ya lile tawi, maji yakishuka yenyewe bila tone kumwagika, yakishuka na kushuka, na kadiri yalivyoshuka ndivyo udi ulivyozidi kumkaba koo, na huko mezani sauti ya wifi yake, iliyokuwa ikicheka na wateja, ikaanza kukwaruza, ikakatika, kisha sahani ikavunjika na mtu akaanguka chini kwa kishindo.

Midomo ya wifi ilikuwa imegeuka myeusi. Ngozi ya mikono ilijikunja kama jani.

"Kiu," alinong'ona. "Wifi, kiu."

Zahanati walimtundikia dripu. Ngozi haikubadilika, lakini jikoni glasi ilifurika.

Mganga alipoletwa alinusa tu, akakataa kuvuka kizingiti cha jiko. Wifi alikuwa amerudishwa kutoka zahanati na kulazwa kwenye mkeka, sebuleni mwa mkahawa.

"Hilo tawi nani kalivunja?" mganga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Ukisema nini?"

Mpishi alikodoa macho. "Nilikuwa na hasira, baba. Nilikuwa naongea peke yangu tu."

"Ukisema nini, mama?"

"Nilisema... laiti huyu wifi angekauka."

Mganga alishusha pumzi. "Basi hujavamiwa. Umejipatia mtumishi. Jini wa pale kisimani kasikia amri, anaitii. Mimi siwezi kumfukuza. Msamehe wifi yako, atakwenda zake. Lakini msamehe kweli, maana yeye hasikilizi mdomo."

Mpishi alipiga magoti. Aliutazama uso ule uliosinyaa na huruma ikamshika, huruma ya kweli, machozi yakamtoka. "Nimekusamehe, wifi yangu," alisema. Harufu ya udi ikapungua. Midomo ya mgonjwa ikaanza kurudia rangi yake.

Hapo mteja mmoja wa siku zote akachungulia mlangoni. "Pole sana, dada. Tumekosa ule mchuzi wako."

Wifi alifumbua macho na kutabasamu kwa shida.

"Usijali," alisema. "Nikiinuka tu, nitakupikia."

Damu ilimpanda mpishi kichwani kabla hajaizuia. Udi ukajaa chumbani, na nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, sauti ya upole na adabu ikauliza:

"Bibi, nimmalize?"

Alilijua jibu: hapana. Alifungua kinywa alitoe, akakumbuka kuwa huyu hasikilizi mdomo.