Uzio wa Uwanja Wetu

Jua lilikuwa linazama mke wangu aliponituma nikamwite binti yetu uwanjani. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kupumzika.

Uwanja ule ulikuwa wa mtaa mzima, mpaka tajiri mmoja alipojitokeza na hati akasema anajenga ghorofa. Tulilalamika wee, mwisho wazazi tukakubaliana watoto waendelee kucheza mle mle, tajiri aone kwamba pana wenyewe. Uzio wa nondo niliuchomea mimi. Ningekataa, angeitwa fundi mwingine. Kipande cha mwisho nilikimaliza alasiri hiyo hiyo, watoto wakiwa ndani. Ajabu, tajiri hakuwafukuza.

"Waache wacheze," aliniambia. "Wewe chomea tu."

Nilikuta geti limefungwa. Ndani, mpira ulikuwa unadunda.

Du... du... du...

Harufu ya chuma kinachoungua ilinijaa puani, lakini nondo nilipozigusa zilikuwa baridi. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Vumbi tu lilikuwa linatimka, huku na huku, kama linakanyagwa.

"Chiriku," niliita.

Vidole vidogo vikashika nondo karibu na mkono wangu. Kisha nikauona uso wake.

"Baba," alinong'ona, "mbona umetufungia?"

Simu ikaita. Alikuwa mke wangu.

"Rudi tu, baba Chiriku. Mwanao kesharudi, yuko hapa mezani." Akashusha sauti. "Lakini... haongei."

Nilizitikisa nondo mpaka viganja vikachubuka. Nilipotazama tena, vidole havikuwepo.

Mlinzi wa tajiri alitoka kwenye kibanda chake, taratibu.

"Usijisumbue, fundi. Walitaka achomee mzazi. Angechomea mtu baki, isingeshika."

"Isingeshika nini?"

Akatazama pembeni. "Mimi nalinda tu."

Kesho yake nilikwenda na msumeno wa chuma. Nilikata tangu asubuhi, jasho likinitiririka. Kila nilipokata, chuma kilijiunga nyuma ya msumeno.

Siku hizi mtaa wetu umepoa. Watoto wanakula, wanakwenda shule, wanalala. Hakuna mzazi anayeutaja uwanja. Tukikutana njiani, kila mtu anatazama viatu vyake. Naogopa, na sina pa kushitaki. Nitasema nimepotelewa na mtoto, wakati kila mtu anamwona yuko nyumbani, mzima wa afya?

Usiku namwita kwa jina. Anageuka, ananitazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kukaa.

Leo asubuhi wameanza kumwaga zege mle ndani. Tulisikia mashine ikinguruma tukiwa bado chumbani. Chiriku akaketi kitandani ghafla, akaanza kukohoa. Mama yake akamwekea kanga mdomoni, akampapasa mgongo.

Alipoiondoa, ilikuwa imelowa saruji mbichi.