Jina la Kibanda cha Otilia

Tone la rangi nyekundu lilidondoka kutoka juu ya ngazi, likatua kwenye aproni ya Otilia aliyoipiga pasi asubuhi ile ile.

"Samahani, mweupe wangu!"

"Mweupe nani? Hebu shuka uniangalie vizuri."

Katika soko la La Merced, jijini Mexico, watu humwita kila mwanamke güera, yaani mweupe, hata akiwa mweusi kama Otilia. Naye Otilia alikuwa mweusi wa kung'aa, msuko mmoja mpaka kiunoni. Alikuwa akikwangua kwa kisu miiba ya majani ya mpungate, dungusi analouza kama mboga, na kisu hicho hicho ndicho alichomwelekezea Fermín, mwandika mabango.

Fermín alishuka. Akatazama.

"Aproni nitakununulia nyingine."

"Na adabu utainunua wapi?"

Kesho yake alileta aproni ya bluu. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula rangi tu tangu asubuhi."

"Njoo basi nikupe mpungate, mjinga wangu."

Kibanda Otilia alikirithi kwa mama yake, ambaye wakwe zake walimwita Prieta, 'yule mweusi', huku wamebinua midomo, mpaka jina lake la ubatizo likasahaulika. Ubao wa kibanda haukuwa na maandishi. "Jina nitalichagua mwenyewe," Otilia alisema. Fermín hakusubiri. Jumamosi moja alimfunga leso machoni, akamfungua mbele ya herufi za dhahabu: LA GÜERA.

Wauza pilipili walipiga makofi. Otilia alichukua kitambaa na tina ya kuyeyushia rangi, akafuta mpaka mbao zikaonekana.

"Umemwandika mwanamke mwingine," alisema. "Nenda kamtafute."

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi akapokea.

"Otilia, roho yangu, ile ilikuwa sifa! Hapa sokoni wote wanaitwa hivyo."

"Kwa hiyo ukitaka kunisifu, lazima unibadilishe rangi kwanza?"

"Si hivyo, mpenzi..."

"Neno lenyewe unajua limetoka wapi? Mama alisema ni la wauza mayai. Yai viza, lisiloangua kitu. Leo ndiyo heshima! Sema kweli, Fermín, ubao ule ulimwandikia nani?"

Fermín alishusha sauti.

"Mama yangu. Nilimwambia nimepata mchumba mweupe. Tangu utotoni anatuhimiza tuoe weupe, tusafishe ukoo. Anakuja Jumapili, nikataka asome hivyo kibandani."

"Ukoo wenu una uchafu gani?" Otilia akakata simu.

Alilia, tena sana, kwa hasira na kwa sababu alimpenda yule mtu. Kisha akaosha uso na kurudi kwenye miiba yake.

Asubuhi iliyofuata Fermín aliingia sokoni na ngazi begani, ndevu hajanyoa.

"Niliona haya kumwambia mama ulivyo," alisema, wauza pilipili wote wakisikia. "Haya yenyewe ndiyo ya kuonewa haya. Niambie niandike nini."

"Huandiki wewe. Lete brashi."

Alipanda na aproni yake ya bluu. Herufi zake zilipinda, lakini zilikuwa kubwa, zinaonekana tangu mlangoni: PRIETA.

"Mpenzi, hilo ni tusi," Fermín alinong'ona.

"Lilikuwa tusi mdomoni mwao. Mama alilibeba maisha yake yote, nami nimelirithi pamoja na kibanda. Anayetaka mpungate wangu atalitamka kwa adabu. Shika ngazi vizuri."

Aliishika kwa mikono miwili. Muuza pilipili wa jirani alikohoa, akajaribu: "Bi Prieta, nipimie kilo mbili."

"Subiri kidogo, jirani. Nakuja."

Fermín aliinua uso. "Bado nataka kukuoa. Mama akifika Jumapili, nimwambie naoa nani?"

Otilia alichovya brashi, akanenepesha mguu wa herufi ya mwisho.

"Mwambie asome."