Kona ya Nne

Kila likizo Salwa alikuwa akiamka mapema nyumbani kwao Usa River, anakunywa chai, kisha anaongozana na shangazi yake Maulida kazini. Shangazi Maulida alikuwa mpima ardhi. Salwa, mwanafunzi wa darasa la sita, alibeba kamba, vigingi na daftari. Kazi aliipenda. Wenye mashamba ndio hakuwapenda. Aliwaona washamba tu, watu wa kuuliza maswali ya kijinga na kukanyaga kamba.

Jumatano moja walikwenda Kikwe. Mzee Eliamini na dada yake Sabina walikuwa wameachiwa na baba yao shamba moja la migomba na kahawa, wagawane nusu kwa nusu.

Mzee Eliamini aliitazama mashine ya GPS juu ya mlingoti wake, akaguna. "Nimelima hapa miaka arobaini. Leo kikopo juu ya fimbo ndicho kitanionyesha shamba?"

"Kinaongea na setilaiti, babu," Salwa alijibu, akitazama raba za mzee zilizotoboka. "Huwezi kuelewa."

Kona tatu zilipimwa bila tabu. Kwenye kona ya nne mashine ilikataa kutulia. Namba zilirukaruka, taa nyekundu ikabaki inawaka. Sabina alimwita Shangazi Maulida upande wa pili wa shamba.

"Subiri taa ya kijani," Shangazi alimwambia Salwa. "Isipowaka, usiandike kitu."

Salwa alisubiri nusu saa. Mzee Eliamini alikuja akasimama karibu yake.

"Bado? Basi kifaa chenu hakijui kitu, na wewe hujui kitu."

Uso wa Salwa ulimchoma. Aonekane mjinga mbele ya mzee huyu? Aliandika namba iliyokuwepo kwenye kioo wakati ule, akafunga daftari.

"Ilikuwa kijani?" Shangazi aliuliza aliporudi.

"Kijani."

Hesabu ilitoa upana wa mita sabini na mbili. Nusu yake thelathini na sita. Walipima kwa futi ndefu ya utepe kutoka ukingo wa Mzee Eliamini, wakachomeka vigingi na kufunga kamba. Mzee hakupoteza muda. Alianza kuchimba mashimo ya masale, mimea ya mpaka, kisha akainua panga juu ya mgomba wenye mkungu uliokuwa sasa upande wake.

"Unakata mgomba wangu?" Sabina alipiga kelele.

"Dada, mashine imesema."

"Asubuhi ilikuwa kikopo. Sasa imekuwa Biblia?"

Sabina aliinyakua ile futi, akapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wake. "Ishirini na nane! Yeye thelathini na sita, mimi ishirini na nane. Hii ni nusu ya shule gani?" Akamgeukia Shangazi Maulida. "Amekupa nini huyu?"

Majirani walianza kusogea. Salwa alilifungua daftari, akamsogelea shangazi yake.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "taa haikuwa ya kijani. Niliandika tu."

Mzee Eliamini alishusha panga. Shangazi Maulida akamwinamia Sabina. "Nisamehe, mama. Nami sikupima upande wako kuhakikisha. Kosa ni letu sote wawili."

Alimpigia simu mpima mwenzake wa Moshi. Mashine yake nayo ilikuwa imeanza kurukaruka saa ileile. Ilikuwa dhoruba ya jua, Shangazi aliwaeleza.

"Jua nalo mnalisingizia!" Mzee Eliamini alicheka.

Shangazi alichukua kamba mbili. "Jua hutupulizia gesi ya moto yenye umeme, inaitwa plazma. Huo ndio upepo wa jua, nao hubeba nguvu ya sumaku. Dunia nayo ina sumaku yake. Tuseme kamba hii ni mstari wa sumaku kutoka kwenye jua, na hii ni mstari wa dunia. Zikikutana huku zinaelekea pande tofauti, hukatika." Aliomba panga, akazikata zote mbili. Kisha akafunga kipande cha hii kwenye kipande cha ile. "Halafu huungana upya, hivi. Hapo nguvu nyingi hufyatuka na kuvuruga anga la juu ambako mawimbi ya setilaiti hupita. Mashine inabaki haijui iko wapi."

Sabina alilishika lile fundo. "Kumbe huko juu nako kuna ugomvi wa mipaka."

Walirudi Ijumaa, na taa ya kijani iliwaka mara moja. Upana ulikuwa mita sitini na nne. Kila mmoja alipata thelathini na mbili. Salwa alimwomba mzee radhi, kisha akafukia yale mashimo kwa jembe.

"Fukia vizuri, mtaalamu wa setilaiti," Mzee Eliamini alimwambia.

Wakati wanarudi, Shangazi Maulida alisimama njiani.

"Mashine ilikuambia wazi kwamba haijui. Wewe ukaona aibu kusema hujui, kwa sababu aliyeuliza ni mtu unayemdharau. Dharau yako ndiyo iliyoandika ile namba. Mtu mkweli husema 'sijui', kisha anavumilia kuchekwa."

"Na wakicheka sana?"

"Waache wacheke. Mashamba yao yatakuwa yamepimwa sawasawa."