Mume Wangu Alitaka Nichomwe kwa Sababu ya Diski

Mume wangu alinivuta nywele hadi nje ya duka, akanitupa chini mbele ya watu wa soko la Migori.

"Mwizi ndiye huyu!"

Mnaojua soko zetu mnajua. Hilo neno likishatoka, hakuna anayeuliza swali. Teke la kwanza liling'oa jino langu. La pili sijui lilitoka kwa nani...

Ngoja niwaeleze, maana wengi wenu 1997 hamkuwa mmezaliwa.

Mume wangu Zablon alikuwa na duka la kuchapa barua, na kompyuta moja kuukuu, aina ya 386. Ikajaa. Akanunua diski mpya ya kuhifadhia kazi huko Kisumu, gigabaiti mbili, akaniambia niifunge ndani ya mashine kwa vile mimi ndiye nilisomea kompyuta.

Nikaifunga. Mashine ikaonyesha kama robo tu ya hizo mbili.

"Zingine ziko wapi?"

"Baba Sheila, diski ni nzima. Hii mashine iliundwa wakati diski zilikuwa ndogo. Ikifika hapo haijui kuhesabu tena."

"Kubwa umepea nani, ukaniwekea ndogo?"

Nikacheka. Aki, huo mdomo wangu! Hapo ndipo alinikamata nywele.

Sasa niko kwa vumbi, na jamaa mmoja anakuja na tairi ya kunichomea. Tairi, wasomaji wangu. Mimi, mama ya mtoto ananyonya.

"Nipeleke Homa Bay kwa Liz," nikamwambia Zablon, damu ikinijaa mdomoni. Liz ni mdogo wangu, alikuwa anafundisha kompyuta huko, na walikuwa wameletewa kompyuta mpya, Pentium. "Ikisoma kidogo kwa hiyo mashine, nichome wewe mwenyewe."

Akanifunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, akanirusha nyuma ya pickup. Vijana wawili wakapanda wakanikalia. Diski wakaibeba, na tairi pia.

Kila shimo la ile barabara nililisikia kwa mbavu.

Liz aliponiona akaanza kulia. "Nyamera, nani amekufanya hivi?"

"Dada yangu, funga diski kwanza."

Alifungua Pentium. Akachomeka waya. Akawasha. Nilikuwa naomba Mungu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, yoyote atakayoisikia haraka...

Kioo kikaandika. Gigabaiti mbili. Zote.

Wale vijana wakaangalia chini. Mmoja akanifungua kamba.

Nikangoja Zablon aniombe msamaha. Hata hakuniangalia. Alikaa sakafuni.

"Liz, kwani mashine za zamani zote hufanya hivi?"

"Nyingi, shemeji. Unatakiwa kuuliza tu."

Zablon akasema, "Basi Monari hakuniibia. Diski yake pia ilisoma kidogo."

Monari alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa. Zablon alimwekea duka kama letu kule Mbita kabla hajanioa. Familia yote tuliambiwa kijana alizama ziwani.

"Ulimfanya nini?" nikauliza.

Zablon akaangalia ile tairi.

Sikurudi kwake. Nilienda na askari wawili kumchukua mtoto wangu Sheila, nikarudi kwetu. Zablon alizikwa mwaka jana, na hakuwahi kusema alichomfanya Monari.

Wewe unayesoma, kitu usichokielewa kiulize kabla hujainua mkono. Aliyekufa hafunguliwi kamba.

Na nyinyi watoto wa Monari, najua mnasoma humu. Baba yenu hakuzama. Na hakuwa mwizi.