Mkate Uliopelekwa Ibaba

Asubuhi hiyo Tunduma iliamka na baridi ya kuuma masikio. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mji mdogo wa Mpemba, madereva wamejikunyata ndani kama kuku walionyeshewa, na vijana wa kubadilisha kwacha walikuwa wakimkimbilia kila aliyeshuka kwenye basi. Katikati ya vurugu hiyo alipita Ngolo, beseni la mikate kichwani, kitenge cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, chenye maua ya zambarau kiunoni, na sweta jeusi lililopauka viwikoni.

"Mulishani, bamayo! Mkate shinga?" sauti ya kiume ilimwita kwa Kibemba, ikiuliza bei.

Aligeuka. Mbele ya karakana ya kuchomelea alisimama kijana mrefu, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji la uso, ovaroli limejaa matundu ya cheche.

"Ongea Kiswahili, kaka. Mimi Msukuma wa Kamsamba."

"Kumbe! Kitenge kimenidanganya."

"Kitenge hakijakudanganya. Macho yako yameungua na huo moto wako."

Mafundi wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Kijana naye alicheka, akanunua mkate, akaumega. Ndani chokoleti ilikuwa imejiviringa mistari mistari, kama pete za mti uliokatwa. Alitafuna, akasita.

"Dada, nikuambie ukweli au nikusifie?"

"Sema ukweli. Sifa hazinunui unga."

"Utamu upo. Lakini chini umeungua na katikati mbichi. Unaokea nini?"

"Sufuria. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko."

"Ndiyo maana. Nitakutengenezea oveni ya bati, ya mkaa, yenye mlango kama ya mzungu."

"Na mimi nikulipe nini?"

"Mkate usioungua," alisema, akishusha miwani ili asionekane anavyomtazama. "Naitwa Lwitiko."

Oveni ilifika mtaa wa Sogea juu ya mkokoteni, majirani wakatoka kuitazama kama bibi harusi. Lwitiko aliiweka kwenye kibaraza cha chumba alichopanga Ngolo, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kutoka siku hiyo ndoo ikawa kiti chake. Kila alipofunga karakana alikuja kumtazama Ngolo akikanda: unga, mayai, siagi, na hamira iliyoamshwa kwenye maziwa ya vuguvugu. Kwa sababu ya baridi, Ngolo alilifunika bakuli kwa blanketi na kulisogeza karibu na jiko. Donge likishaumuka alilisukuma likawa jembamba, akapaka chokoleti iliyoyeyushwa na siagi na kakao, akaliviringisha kama mkeka, akalipasua kwa urefu na kuzisuka nusu zake mbili.

"Hii ni twende kilioni kabisa," Lwitiko alimtania, akifananisha msuko wa mkate na ule wa nywele za wanawake.

"Nyamaza! Mtu hapewi chakula chenye jina la msiba."

"Basi samahani, mke wangu."

"Mke wako nani? Umetoa ng'ombe wangapi?"

Walicheka, lakini neno lile lilimkaa Ngolo kifuani. Mchumba wake wa kwanza alimwacha kwa sababu mama yake alisema hataki mkwe kutoka kwa watu wa mifugo, watu wanaolisha ng'ombe mashamba ya wenzao. Tangu hapo Ngolo aliogopa jambo moja tu: kusimama mlangoni kwa watu na kuonekana hafai.

Lwitiko alikuwa Mndali wa Ibaba, milimani Ileje. Baba yake, Mzee Zabron, alikuwa na donda la koo. Ugali ulishamshinda, na wali pia. Siku moja Lwitiko alimpelekea mkate wa Ngolo, akaumenya ganda na kuulowesha kwenye maziwa. Mzee akaumaliza.

"Ameuliza nani ameuoka," Lwitiko alimwambia Ngolo kwa simu, akiwa bado huko.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mambo mazuri tu. Mpenzi, oka mwingine, Jumamosi nitaupeleka."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi mkate mmoja ulipanda mlimani, na kila ulipopanda Ngolo alijiona kama amepanda nao. Hatimaye akaamua kupanda kweli. Lwitiko alikuwa amepata kazi ya mageti Vwawa, na Ngolo hakumwambia. Alitaka amshangaze. Alivaa gauni la samawati alilolishona kwa ajili ya Pasaka, akafunga mkate kwenye kitambaa cheupe, akapanda gari la Itumba kisha bodaboda mpaka Ibaba.

Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nje ya nyumba ya matofali, kwenye kipande kidogo cha jua, mzee mwembamba alikuwa ameketi, blanketi mabegani, kichwa amekiinamisha. Msichana aliyekuwa akimenya viazi alisimama.

"Karibu. Nikusaidie?"

"Mimi ni Ngolo. Natoka Tunduma. Nimemletea baba mkate."

Msichana, ambaye alikuwa Yunisi, dada yake Lwitiko, alipiga kelele kwa Kindali. Mzee Zabron alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Alijifunika blanketi gubigubi, akainuka kwa taabu, akageuza mgongo na kutokomea nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Hakusalimia. Hata kukohoa hakukohoa.

"Usimwangalie! Pita upande huu, huku jikoni!" Yunisi alimvuta mkono. "Kaa hapo, nakuja sasa hivi, nimkamate kuku."

Ngolo alibaki peke yake katika moshi wa jikoni. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alichoona yeye ni mzee anayemkimbia Msukuma, na binti anayemficha jikoni ili majirani wasimwone. Aliuweka mkate juu ya mtungi wa maji, akatokea uani, akashuka mlima kwa miguu. Nyuma yake alisikia "Wifi! Wifi!" lakini hakudhani anaitwa yeye.

Simu ililia akiwa ndani ya gari.

"Ngolo wangu, uko wapi? Sauti ya gari hiyo."

"Natoka kwenu."

"Kwetu wapi? Ibaba?" Sauti ya Lwitiko ilipanda. "Umeonana na baba?"

"Nimeonana naye."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia? Hukutakiwa kuonana naye kabisa, Ngolo!"

Alikata simu. Alikuwa amesikia kila alichoogopa, tena kutoka kinywani mwa mtu aliyempenda. Usiku ule aliifungia namba ya Lwitiko, na kesho yake akaenda Kamsamba kwa wazazi wake, kwenye joto la bonde na vumbi la ng'ombe. Mama yake alimwona amekonda, akamuuliza.

"Sina kitu, mama. Nimechoka na moto tu."

Mazao yalikuwa yamevunwa na mabua yanaliwa na ng'ombe alipopokea simu kutoka namba asiyoijua.

"Wifi, ni Yunisi wa Ibaba. Tafadhali usikate."

"Mimi si wifi yako."

"Sawa, niite unavyotaka. Baba hali chochote. Tumempa mkate wa dukani, ameutema. Tumempa uji, hautaki. Anauliza wako. Kila Jumamosi anatazama njia."

"Baba yako alinigeuzia mgongo, Yunisi."

Yunisi akasema polepole, "Kumbe ndivyo ulivyoelewa? Njoo, wifi. Mengine utayasikia kwa mwenyewe."

Ngolo hakujua aamini nini. Lakini mtu mwenye njaa ni mtu mwenye njaa, hata akiwa amekukataa. Alirudi Tunduma.

Kwenye kibaraza chake alimkuta Lwitiko amepiga magoti mbele ya oveni, unga mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kwa moshi. Mezani kulikuwa na kitu cheusi, kigumu kama tofali.

"Unafanya nini?"

Aliruka. "Mama mwenye nyumba ameniruhusu kibarazani. Najaribu kumwokea baba. Huu wa nne. Haupandi."

"Hamira uliiweka kwenye nini?"

"Maji ya moto. Nilidhani yakiwa ya moto zaidi itafanya haraka."

"Umeiua. Hamira ni kiumbe, Lwitiko. Ukiiunguza inakufa."

"Hata mimi niliunguzwa," alisema taratibu. "Ulinikatia simu kabla sijamaliza. Kwetu baba mkwe na mkamwana, mke wa mwanawe, hawaonani. Akikuona lazima ajifiche. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kosa langu sikukuambia mapema."

"Hayo umeyatunga ili nikuokee mkate."

"Basi usiniamini. Oka tu."

Alioka. Lwitiko alichochea mkaa, Ngolo alikanda, na machozi yake aliyafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

Ibaba walifika jioni. Mzee Zabron alikuwa hatoki tena kitandani. Kati ya chumba chake na sebule walikuwa wametundika shuka. Ngolo aliketishwa mkekani upande huu, na Yunisi akasimama mlangoni, katikati, awe mdomo wao. Mzee alikunywa maziwa yenye mkate, kijiko kwa kijiko, kikigonga bakuli. Kisha sauti nyembamba ikatoka nyuma ya shuka, kwa Kindali.

"Anauliza, kwa nini mkate ulikoma?" Yunisi alitafsiri.

"Mwambie baba nilidhani amenikataa. Alinikimbia."

Yunisi alipeleka maneno. Nyuma ya shuka kukawa na kikohozi kirefu, na ndani ya kikohozi, kicheko.

"Anasema, ningekuwa nimekukataa ningekusalimia. Ningekupa kiti, tukaongea habari za barabara, ukaenda zako kama mgeni. Mgeni anasalimiwa. Mkamwana anakimbiwa. Anasema siku ile alikimbia mpaka magoti yakamuuma, na hajawahi kumkimbia mtu kwa furaha kiasi kile."

Ngolo alijifunika uso kwa kanga. Lwitiko alikuwa amesimama nje ya mlango, na Ngolo alisikia anavyopenga kamasi.

"Mwambie," alisema alipoweza, "mwambie baba anisamehe zile Jumamosi."

Kijiko kiligonga bakuli tena.

"Anasema zimeshapita. Anasema wiki ijayo uongeze chokoleti, huu wa leo ni wa kibahili."

Wiki iliyofuata Ngolo aliongeza chokoleti. Na iliyofuata. Lakini vijiko vilikuwa vikipungua, na Lwitiko alianza kurudi na nusu ya mkate, akisema baba ameshiba. Ngolo hakumbishia. Mikate ile iliyorudi hakuiuza wala hakumpa mtu. Aliila mwenyewe, imelala, akiwa amesimama.

Simu ya Yunisi ilikuja Jumapili, watu wakitoka kanisani. Hakuhitaji kusema mengi. Juu ya meza donge la Ngolo lilikuwa limeumuka vizuri kuliko siku zote, limejaa mpaka kwenye mdomo wa bakuli. Alilitazama. Akaweka ngumi katikati, likatoa pumzi na kushuka.

Msibani kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Ngolo aliketi nyuma, pembeni, kama mtu asiye na haki ya kulia sana. Wakati wa kuaga ulipofika, shangazi mkubwa wa Lwitiko, Ketrina, alipita katikati ya wanawake akamshika mkono.

"Mkamwana, inuka. Wewe mbele."

"Shangazi, mimi sijaolewa."

"Marehemu alikukimbia, hakukukimbia?"

"Alinikimbia."

"Basi nyamaza, njoo. Leo unaruhusiwa kumtazama."

Ngolo aliinama juu ya jeneza. Ulikuwa uso mdogo kuliko alivyoufikiria. Kidevu kilikuwa cha Lwitiko, na juu ya jicho la kushoto kulikuwa na kovu la zamani ambalo hakuna aliyewahi kumsimulia. Aliutazama mdomo. Alikuwa ameulisha muda wote ule bila kuujua. Alitaka kuuliza swali, lakini Yunisi hakuwa amesimama mlangoni.

Baada ya maziko Lwitiko alimkuta kwenye shamba la viazi, amechuchumaa, matope kwenye pindo la gauni. Alichuchumaa naye. Ndevu zilikuwa zimemwota, na shati jeusi aliloazima lilikuwa fupi mikononi.

"Nilitaka nikuulize baba akiwa hai," alisema. "Nikasema ngoja kwanza apone. Ujinga. Utakubali nikuoe?"

"Umechelewa, fundi. Baba yako alishamaliza hilo."

"Lakini nataka nikusikie wewe."

Ngolo alikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka kukauka.

"Nimekubali. Ila usingoje kitu kingine kipone, wala kitu kivunwe. Matanga yakiisha, nenda Kamsamba kwa baba. Yule hajifuniki. Atakukazia macho, atakuuliza maswali ya kukutoa jasho, atakucheka Kisukuma na hutaelewa. Kaa hapohapo umtazame."

"Nitamtazama."

"Mtazame sana, Lwitiko. Mkwe wangu mimi nimemwona leo, amelala. Wewe nenda ukamwone wako angali anapumua."