Simu Iliyofunikwa na Sufuria

Kila alasiri, Aida akitoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtungia nyanyake sindano. Bi Tumu alishona kofia za viua, zile za kudariziwa maua, tangu ujana wake, lakini sasa alikuwa na mtoto wa jicho. Viua alivipapasa kwa ncha ya kidole, na tundu la sindano hakuliona kabisa. Alikuwa akingoja simu kutoka zahanati ya macho. Madaktari wa upasuaji hawakuja mara kwa mara, na mgonjwa asiyepatikana kwa simu, nafasi yake ilipewa mwingine.

Aida alitunga sindano, akazichomeka kwenye mto, akarudi kwenye simu yake. Ilikuwa ya zamani ya mamake, aina ya Nyota. Ya nyanya ilikuwa Zuhali. Na katika kundi la mtandaoni la wanafunzi wa gredi ya nane, wiki nzima hakukuwa na ubishi mwingine ila Nyota na Zuhali. Aida alisema Zuhali wameiga kila kitu, kuanzia kamera hadi mlio. Oliver, ambaye babake aliendesha lori bandarini, akajibu kwamba hata Nyota waliiga kwa wengine. Wenzao walichoka kusoma. Wao wawili pia walikuwa hoi, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Mwishowe Aida akaandika kwamba simu za Zuhali hupata moto zikalipuka. Oliver akamuuliza swali moja tu: ameona kwa macho yake?

Hakuwa ameona. Alikuwa amelisoma jambo hilo mtandaoni, kwa mtu asiyemjua hata jina. Lakini alitaka ubishi uishe, tena uishe yeye akiwa juu. Akarekodi ujumbe wa sauti. Alisema kwamba yeye mwenyewe, pale Mwembe Tayari, aliona Zuhali ikiwaka ndani ya mkoba wa msichana, mkoba ukatoboka. Oliver hakujibu tena, na Aida akafurahi.

Ujumbe ukaanza safari. Wanafunzi waliwapelekea mama zao, mama wakawapelekea shoga zao, na kabla ya Ijumaa ulikuwa umezunguka Mji wa Kale wote. Maneno yasiyo na mwenyewe hayachoki kutembea.

Alhamisi jioni mamake Aida alirudi kutoka bandari ya Kilindini, alikokuwa karani, miguu imemvimba. Aliketi kwenye ngazi bila hata kuvua buibui.

"Mama, simu yako i wapi?" aliuliza, akimgeukia Bi Tumu.

"Iko jikoni. Nimeizima, nikaifunika na sufuria."

"Kwa nini?"

"Jirani yetu Sheikhan wa nyumba ya pili kanambia simu hizi zalipuka. Kuna mtoto kaona kwa macho yake Mwembe Tayari, mkoba wa msichana umetoboka. Nami na macho haya, moto ukiwaka ntaukimbia vipi?"

Mamake Aida akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amepitia zahanati, na muuguzi alimwambia walipiga simu asubuhi nzima bila kupata jibu. Nafasi ya Bi Tumu ilikuwa imekwenda kwa mgonjwa mwingine.

Bi Tumu akanyoosha mkono wenye sindano ili Aida amtungie. Aida akajaribu, uzi ukapita kando. Akajaribu tena, ukakosa tena. Angeweza kunyamaza, na pale nyumbani hakuna ambaye angemjua.

"Nyanya, yule mtoto ni mimi," alisema. "Na sikuona kitu."

Mama hakumgombeza, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kugombeza, na hilo lilimuuma Aida zaidi. Alimuuliza tu maneno yale aliyatoa wapi. Aida akasimulia ubishi wote, akakiri kwamba aliyaiga kwa mtu mtandaoni.

"Kumbe na wewe waiga," Bi Tumu alisema. Akaishika kofia iliyokuwa mapajani mwake. "Ua hili si langu. Nililitoa kwa marehemu dada yangu, na kila anayeuliza namwambia. Kuiga kila mtu huiga, mjukuu wangu. Lakini usiseme umeona na hukuona. Wako watu watakaokuamini."

Aida alirekodi ujumbe wa pili kwa sauti ileile. Alisema hakuona moto wowote, akaeleza alikoyatoa maneno yale, akamwomba Oliver msamaha. Kesho yake alikwenda na mamake zahanati. Muuguzi aliwaambia wasubiri, huenda mtu akakosa kufika. Jumatatu simu ya Bi Tumu ililia: mgonjwa mmoja alikuwa na presha ya juu, hangeweza kupasuliwa. Bi Tumu akapata nafasi yake.

Baada ya majuma machache aliketi dirishani, akatunga uzi mwenyewe. Aida alitaka kupiga makofi. Lakini simu ya mamake ikalia. Rafiki mmoja wa mama, aishiye Likoni, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Ulikuwa ule wa kwanza, mkoba na moto wake vilevile. Ule wa pili haukuwa umefika huko.

"Ujumbe bado watembea tu," Aida alisema kwa unyonge.

"Basi mjibu," Bi Tumu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kofia. "Na ujumbe ukija tena, jibu tena. Sauti ni yako."